Mche Haulindwi kwa Sumu

Kijana msomaji, nakuomba unisikilize katika jambo linaloonekana dogo. Ni jambo la mche mmoja uliomo ndani ya kopo, nyuma ya nyumba au kando ya darasa, ukingoja siku ya kuhamishiwa shambani. Mche huo ukiliwa usiku, wewe utafanya nini asubuhi? Watu wengi wana jibu tayari. Mmoja atatafuta sumu, wa pili atatega mtego, na wa tatu atachukua manati. Mimi nasema kuwa majibu hayo matatu ni mabaya. Ni mabaya kwa mnyama anayekufa, ni mabaya kwa mtu anayeua, na, ajabu kuliko yote, ni mabaya kwa mche wenyewe.

Nasema haya kwa ajili ya Bura, katika nchi ya Mto Tana, mahali ambapo mche si pambo la baraza. Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, lakini ukiuacha mto na mifereji nyuma yako, mara huikuta nchi kavu yenye jua kali na mvua chache. Mtu atakaye mwembe, mpapai, mkwaju au mwarobaini hana budi kuulea kwanza katika kopo au mfuko wa udongo. Huupa kivuli mchana, na maji asubuhi na jioni. Maji hayo huchotwa kwa ndoo, na aghalabu mchotaji ni mtoto. Kwa hiyo mche wa miezi mitatu ni kazi ya siku tisini. Anayeukata kwa meno yake usiku mmoja amekata siku tisini za mtu.

Tena kiangazi kinapokaza, mche huo huwa ndio kitu cha pekee chenye majani mabichi katika mahali pote. Kindi anauona; sungura anausikia harufu; digidigi, ngiri, tumbili, nyani, nungunungu, panya, kwale na konokono, kila mmoja ana njaa yake na kiu yake. Simlaumu basi mwenye mche anapokasirika. Hasira ni haki yake. Ninalolikataa ni hasira hiyo kufanywa hakimu.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, shule yetu ilikuwa na kitalu cha miembe. Tuliipanda mbegu katika makopo ya samli na ya maziwa, tukaitunza kwa zamu. Ilipofikia urefu wa shubiri, ikaanza kukatwa. Leo miwili, kesho minne. Mzee aliyekiangalia kitalu alisema mwizi ni kindi, kwa sababu kindi alionekana mchana juu ya mti wa jirani. Ushahidi ulikuwa huo tu. Akaloweka mahindi katika dawa ya kuulia wadudu, akayamwaga kati ya makopo, akaenda kulala.

Asubuhi tulimkuta paka wa mpishi amekufa. Tulikuta kanga wawili wamekufa, na kuku watatu wa mama mmoja aliyekaa karibu, mjane ambaye mali yake yote ilikuwa ni kuku hao. Kindi alikuwa juu ya mti wake, mzima. Na usiku uliofuata miche mitatu ilikatwa tena. Hapo mwenzetu mmoja, aliyekuwa mpole kuliko sisi sote, alichukua jivu jikoni akalinyunyiza kuzunguka kitalu. Kulipopambazuka tuliona alama za kwato ndogo. Mwizi alikuwa mwana-mbuzi, naye aliingia kwa pengo la ua ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelifungua ili kufupisha njia ya kwenda mferejini.

Nimekuwa nikilikumbuka jivu lile maisha yangu yote. Jivu halikugharimu senti moja, nalo lilisema kweli. Sumu iligharimu fedha, nayo ikamwadhibu kila mtu isipokuwa mkosaji.

Hili ndilo kosa la kwanza la mwenye sumu: anahukumu bila ya kesi. Mche uliokatwa si bubu, msomaji. Una ushahidi wake kwa mtu anayeinama kuutazama. Sungura hukata shina mshazari, safi kama kisu. Digidigi na mbuzi hawana meno ya mbele katika taya la juu. Hivyo wao huvuta na kurarua, na ncha ya shina hubaki na nyuzi. Tumbili huja mchana, huupindua mkebe na kuung'oa mche, mara nyingi akitafuta mbegu iliyozikwa chini. Nungunungu huja usiku, hufukua na kuguguna shina karibu na mizizi, na huenda akaacha mwiba wake mahali pale. Ndege huja alfajiri, na kazi yao ni kudonoa mbegu na machipukizi. Konokono huacha utelezi unaong'aa, na majani yake huwa na matundu. Panya huacha vinyesi vidogo. Mchwa haji juu kabisa. Hutoka chini kwa njia za udongo. Wageni hawa wote hawafanani, na mlango unaomzuia mmoja haumzuii mwingine. Sumu haifanyi tofauti hiyo, kwani haijui kusoma alama.

Kosa la pili ni kudhani kwamba sumu hukaa inapowekwa. Haikai. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea kwa ulegevu, na bundi humkamata kwa urahisi. Bundi huyo alikuwa askari wako wa usiku, asiyelipwa mshahara, naye hufa kwa chakula chake. Kenya inayo habari ya dawa iitwayo Furadan, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua wadudu wa mashambani. Wafugaji waliokasirishwa na simba waliipaka juu ya mizoga. Wakafa simba, wakafa fisi, wakafa na tai waliokuja kusafisha. Kelele za watu zilipokuwa kubwa, mwaka 2009, kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Waliotega walikusudia mnyama mmoja, lakini sumu haikuulizwa makusudi yao.

Yaangalie basi mazingira ya Bura. Kitalu kiko karibu na nyumba. Mtoto wa miaka mitano hucheza na udongo ule ule. Maji ya mfereji yaliyo hatua chache kutoka hapo hunywewa na ng'ombe, na pengine huogwa na watu. Ukisema kwamba mtu ni bora kuliko kindi, mimi nitakuitikia bila ya kusita. Lakini kwa hoja hiyo hiyo nitakuuliza: mbona basi unamwekea mtu sumu ili kumfukuza kindi?

Nakusikia ukisema, "Nitatumia mtego, au manati, havina sumu." Mtego wa kitanzi nao hauchagui shingo. Humkamata kwale, humkamata paka, huweza kumkata mguu mbuzi wa jirani, na ugomvi wa mbuzi kati ya mkulima na mfugaji katika nchi ya Tana si jambo la kuchezea. Zaidi ya hayo, uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 1977, na mwaka 2013 ilitungwa sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori. Mwanafunzi anayetega porini hajitendei ushujaa. Anajitia katika makosa.

Na tuseme umefaulu, umemwua kindi uliyemshuku. Umepata nini? Majani mabichi yako pale pale, na kopo liko wazi vile vile. Kindi wa pili atapaona mahali patupu, naye ataingia. Mwenye kuua ameondoa mlaji akaiacha njia. Kesho hana budi kuua tena, na kesho kutwa vile vile. Mwenye kuziba njia hufanya kazi mara moja, akalala.

Watu wakubwa kuliko sisi wamewahi kulikosea jambo hili. Mwaka 1958 serikali ya China iliwaamuru watu wake kuwaangamiza shomoro, kwa kuwa shomoro walikula nafaka. Watu walipiga madebe na sufuria mchana kutwa ili ndege wasipate pa kutua, mpaka wakaanguka kwa kuchoka. Ndege walipungua kweli. Lakini shomoro yule yule aliyekula nafaka alikuwa akila na wadudu, hasa alipolisha makinda yake. Na mlaji wao alipoondoka, wadudu walizidi mashambani. Mwaka 1960 shomoro waliondolewa katika orodha ya maadui. Njaa kubwa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, na hili halikuwa la pekee. Lakini halikuwasaidia watu hata kidogo. Sisi wa Tana tuliona nzige mwaka 2020. Aliyewaona wakitua juu ya mti hatakuwa mwepesi tena wa kumwua ndege kwa ajili ya punje mbili za mbegu.

Lakini funzo lililo karibu zaidi liko Bura yenyewe, nalo lina miiba. Mradi mkubwa wa umwagiliaji ulipoanza kupokea familia za wakulima wa pamba mwaka 1981, kuni zilihitajiwa kwa wingi, na misitu ya kando ya mto haikuweza kuzitoa bila ya kuharibika. Basi miti ya kigeni ikapandwa. Mmoja wao ulikuwa ule uitwao mathenge, ambao asili yake ni nchi za Marekani ya kati na kusini. Ulisifiwa kwa kustahimili ukame, na ulisifiwa kwa jambo la pili: mbuzi hapendi majani yake. Ulikuwa ni mche usiotaka ua, usiotaka mlinzi. Ni nani asingeufurahia?

Leo unayajua mathenge. Mifugo huacha majani yake, lakini hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka salama pamoja na samadi, zikaota popote mnyama alipopita. Yamefuata mifereji, yamefuata kingo za mto, yamefunga malisho na njia. Miiba yake hutoboa kwato na magurudumu. Katika Baringo, ambako nako mti huo ulipandwa, wananchi waliishitaki serikali mwaka 2006, wakamleta mahakamani mbuzi aliyekwisha meno kwa kula maganda hayo. Siwalaumu waliopanda; walitafuta kuni, na kuni walizipata. Nasema tu kwamba njia rahisi ya kuepuka kazi ya kulinda miche ilizaa kazi kubwa kuliko ile iliyoepukwa. Mwembe, mpapai na mkwaju huliwa kwa sababu ni chakula. Ukitaka mti wenye faida kwako, kubali kwamba una faida kwa wengine pia, kisha uulinde.

Utaulindaje? Hapa sitaki kukuacha na maneno matupu.

Kwanza, inua. Jenga kichanja cha fito, kimo cha kiuno cha mtu mzima, na upange makopo yako juu yake. Kwa kichanja hicho peke yake umemshinda sungura, kobe na nungunungu, na mchwa umemweka mbali. Funga kipande cha bati laini kuzunguka kila mguu wa kichanja, kipana kama mkono mzima. Panya na kindi watateleza, mradi usikiweke kichanja karibu na mti au ukuta wa kurukia. Ukitia miguu katika makopo yenye maji, umewazuia na siafu. Lakini badili maji hayo mara kwa mara, yasije yakalea mbu.

Pili, zungushia. Boma la matawi ya miiba humzuia digidigi, ngiri na mbuzi. Na kama hapo ulipo mathenge yamejaa, hapo ndipo yatakapolipa deni lao: kata matawi makavu, uhakikishe hayana maganda, ufanye boma. Lango lifungwe kila jioni. Kumbuka pengo la ua wa shule yetu.

Tatu, funika. Wavu wa waya wenye matundu madogo, ukiwambwa juu ya fremu ya fito, huwazuia ndege na kindi. Na ukiwa wa waya mgumu uliofungwa imara kila upande, huweza kumzuia tumbili. Wavu wa uzi, kama wavu mkuukuu wa wavuvi, wafaa kwa ndege tu, nao uwambe ukaze kama ngozi ya ngoma. Wavu uliolegea ni mtego: nyoka hujisokota ndani yake, bundi hunasa bawa. Upitie kila asubuhi, na ukimkuta aliyenaswa, mwite mtu mzima amfungue kwa uangalifu.

Nne, ondoa kinachoita. Maganda ya maembe, makombo ya ugali na mahindi yaliyomwagika karibu na kitalu ni barua ya mwaliko kwa tumbili na panya. Yafukie mbali. Pilipili iliyopondwa na kuchanganywa na maji yenye sabuni kidogo, ikinyunyizwa juu ya majani, huwachukiza tumbili, sungura na panya; ndege hawasikii ukali wake, basi kwao usiitegemee. Baada ya mvua, rudia. Na katika kiangazi weka karai la maji mbali na kitalu, kwa kuwa wengine wanaouma miche wanatafuta maji zaidi ya chakula.

Najua pingamizi lako la mwisho. Utasema, "Wavu wa waya ni ghali, nasi hatuna." Ni kweli kwamba wavu hununuliwa. Lakini fito, miiba, jivu, makopo na vipande vya bati haviuzwi dukani, na kwa hivyo peke yake wezi wengi watazuilika. Sumu nayo hununuliwa, tena hununuliwa upya kila inapokwisha, na kichanja kimoja huweza kulea miche ya misimu kadhaa. Shule moja ikichanga kwa wavu mmoja itaurithisha kwa wanafunzi wasiozaliwa bado. Sitakudanganya kwamba njia hizi hushinda wote. Kundi la nyani waliozoea halizuiwi na miiba peke yake. Linataka kitalu kiwe karibu na watu, na mlinzi wa zamu mchana. Kiboko na tembo hawajali kichanja. Hao ni wa kupashia habari Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na si wa kupambana nao mtoto wa shule. Lakini wengi wanaokula miche ya makopo ni wadogo, na kwa wadogo akili yatosha.

Jambo moja bado. Kusini mwa Bura, kati ya Hola na Garsen, katika misitu myembamba ya kando ya Tana, wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Dunia nzima haina mahali pengine pa asili ambapo viumbe hao wawili hupatikana. Kwa ajili yao ilitengwa hifadhi mwaka 1976, nao hata leo wamo katika hatari ya kutoweka. Mbega ni mla majani na matunda ya msituni. Mangabe huokota matunda na mbegu, na mara nyingine huingia mashambani. Mtu mwenye manati huona mkia tu, naye husema, "Tumbili!" Akikosea Bura, ameua tumbili mmoja bila ya haja. Desturi hiyo ikishuka na mto, ikakosea huko chini, imepunguza jamii ambayo haiwezi kuletwa kutoka nchi nyingine yoyote. Desturi hujifunzwa katika mambo madogo. Anayefundishwa kwenye kitalu cha shule kwamba kila mlaji ni adui atakuwa na fikira hiyo hiyo siku atakapopewa shamba, au ofisi, au mamlaka.

Mwezi Desemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku ya mapumziko ili wapande. Ni nia njema, na hesabu kubwa. Lakini hesabu ya miti huanzia kwenye kopo, na mche uliokufa ndani ya kopo hauhesabiwi. Watakaoitimiza hesabu hiyo ni walinzi kuliko wapandaji, na walinzi ni ninyi.

Basi nakupa kazi, msomaji wangu, isiyohitaji fedha. Jioni ya leo chukua jivu la jikoni, ulinyunyize kuzunguka miche yako. Kesho uamke mapema kabla ya kuku, ukasome nani amepita. Ukishamjua, zibe njia yake. Ukiweza kufanya hivyo, mche utaishi, naye aliyeujia atakwenda kutafuta riziki yake mahali pengine. Na wewe hutakuwa na mzoga wa kuzika, wala mjane wa kumwomba radhi kwa kuku wake.